Tarehe Chini ya Rangi

Kioo kilikuwa kimepasuka katikati. Timazi alisimama mbele yake kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama na hajui aifungue au airudishe. Kilikuwa kipande cha urefu wa kiganja, kimegandishwa kwa saruji pande zote mbili za ufa wa ukutani, katika chumba cha mama yake, juu kidogo ya kitanda. Aliyekiweka ni mpimaji, binti mmoja wa viatu vya mpira ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akizunguka mlima mzima na vigingi vyake, anachora ramani ya mahali udongo unapoweza kuporomoka.

"Kioo hakinyumbuki," aliwaambia siku ile. "Ukuta ukisogea hata kidogo, kinavunjika. Msikiguse, msikifute. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo."

Siku kumi zilikuwa zimepita, na leo ilikuwa Alhamisi. Mkewe alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule alizoshona. Mama yake alikuwa uani anaota jua, kichwa kimeinama, usingizi umemchukua. Timazi alitazama huku na huku ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akatoa patasi.

Timazi ni ile risasi inayoning'inizwa kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima, na watu walimpa jina hilo kwa heshima. Nusu ya nyumba za mteremko ule zilipita mikononi mwake. Walikuwa wakisema ukuta wa Timazi ukipinda, basi ujue dunia ndiyo imepinda. Sasa ramani ilikuwa na rangi tatu. Kijani, kaa utulie. Njano, kaa lakini chimba mifereji. Nyekundu, funga virago uhamie kwenye ghala la zamani kule bondeni, familia kwa familia, pazia kwa pazia. Nyumba ya Timazi ikipakwa nyekundu kwa ajili ya ufa, nani tena angemwita kazini? Mwashi mwenye nyumba yenye nyufa ni sawa na kinyozi mwenye chawa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na Timazi aliwatii wahenga kuliko alivyomtii mkewe. Kila ufa ulipojitokeza aliuziba siku hiyo hiyo, akapaka rangi, na jioni usingejua ulikuwa wapi. Mpimaji aliuona huu kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa alipiga hodi saruji ikiwa bado dukani.

Akang'oa vipande vya kioo, akavifunga kwenye leso, akavitia kwenye mfuko wa vifaa. Kioo kingine cha kupachika hakuwa nacho. Alizunguka sebuleni mpaka macho yakatua kwenye picha yao ya harusi. Alifungua fremu, akatoa kioo chake, akakata kipande cha upana uleule, akakigandisha ukutani mahali palepale, na picha akairudisha bila kioo. Na kwa kuwa mkono wenye mazoea hauna akili, saruji ilipokuwa bado mbichi akachora tarehe kwa ncha ya msumari. Ndivyo alivyofunzwa tangu alipokuwa mwanagenzi: kila kiraka kiandikwe siku yake kabla ya kupakwa rangi, ili kikiharibika usibishane na mwenye nyumba. Aliikodolea macho ile tarehe, akajiona mjinga, akaipaka udongo mwepesi na vumbi juu ili isisomeke na saruji ionekane ya zamani.

Ijumaa mpimaji alikuja na koti la mvua lililochanika begani. Aliinama kwenye kioo, akakimulika kwa tochi, akakigonga kwa kucha.

"Hakijavunjika," alisema, na uso wake ukakunjuka. "Kwa kweli nilikuwa na wasiwasi na sehemu hii. Ile miti ya juu imeinama, lakini pengine imeinama tangu zamani. Kama ukuta huu umetulia, naweza kuwapaka njano. Nyinyi na nyumba zote za chini yenu."

Mke wa Timazi alipiga makofi mara moja, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Si mtu wa kulia ovyo, lakini machozi yalimtoka. "Asante, mwanangu. Asante sana. Hujui nimelala vipi wiki hii. Hebu vua hilo koti, huwezi kutuletea habari kama hii ukarudi na bega wazi."

"Hapana mama, usijisumbue."

"Vua!"

Cherehani ililia dakika tano. Timazi aliegemea mlango akiisikiliza. Alishawahi kula chakula cha msiba ambao marehemu wake hakumjua, lakini hata siku ile tonge halikumkwama kama shukrani hizi za mkewe.

"Mjukuu wangu," mama yake akamwambia mpimaji kutoka kitandani, "na mlango wangu je? Zamani ulikuwa unajifunga wenyewe. Siku hizi unataka kubembelezwa kama bibi harusi."

"Mbao zimevimba kwa mvua, mama," Timazi alimkatiza.

Mpimaji alimtazama, akautazama mlango, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akavaa koti lake, akashukuru, akaenda zake.

Mke wa Timazi alikuwa na desturi ya kupangusa picha kila Jumamosi. Jumamosi ile kitambaa kiligusa karatasi. Aliichukua fremu isiyo na kioo, akaenda nayo chumbani kwa mama mkwe, akatazama kioo cha ukutani, akarudi. Timazi alikuwa anakunywa chai.

"Fundi," alisema. Alimwita mume wangu siku za furaha na Fundi siku za hatari. "Kioo cha harusi yangu kinafanya nini ukutani?"

Timazi aliweka kikombe chini. Angeweza kudanganya, lakini uongo wenyewe ulikuwa umekaa pale mikononi mwa mkewe, una vumbi la saruji.

"Kile kingine kilivunjika," alisema.

"Na mimi nikamshukuru yule binti." Sauti yake haikupanda. "Nikamshonea na koti. Sikiliza nikwambie jambo. Nguo ikipasuka, natia uzi. Ikipasuka palepale mara ya pili, siulizi uzi tena, namuuliza mwenye nguo amenenepa lini. Wewe ukuta huo umeushona mara ngapi?"

"Ni aibu, mke wangu. Watasema nini? Timazi kashindwa kujenga chumba cha mama yake."

"Na ukitufukia humu watasema nini? Watasema kajenga vizuri?" Akamwekea fremu mezani. "Siendi kukusemea. Wewe ni mtu mzima, una miguu. Lakini leo mama analala sebuleni, na mimi nalala karibu naye."

Alipotoka, Timazi alichukua ule uzi wenye risasi na kuingia chumbani. Kuta za watu wote alizipima, wa kwake hakuwahi kuupima tangu alipomaliza kuujenga. Alipigilia msumari juu, akaacha risasi ishuke, akangoja itulie. Juu uzi uligusa ukuta. Chini, kati ya uzi na ukuta, vidole vyake viwili vilipita kwa urahisi. Alivitoa, akavipitisha tena.

Ofisi ya ramani ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati. Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa imefika nje. Watu walikuja kuchukua karatasi za rangi zao. Mbele ya Timazi alisimama kinyozi, jirani yake wa chini, ambaye paa lake lilikuwa sawa na kizingiti cha Timazi.

"Jirani!" kinyozi alimpokea kwa furaha. "Njano! Wewe njano, mimi njano. Leo nanyoa watu huku naimba."

Timazi aliitikia kwa kichwa. Zamu yake ilipofika, mpimaji alinyanyua uso kutoka kwenye ramani. Ilikuwa imetandazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, na kila pembe imewekewa jiwe isijikunje.

"Karibu, fundi. Umekuja kuchukua karatasi yako?"

"Nimekuja uifute," Timazi alisema. Alifungua leso juu ya ramani. "Hiki ndicho kioo chako. Kile ulichokiona Ijumaa ni changu. Nilikibadilisha."

Kinyozi, aliyekuwa anaikunja karatasi yake, aligeuka.

"Umefanya nini?"

"Nimekosa, jirani."

"Yaani mimi na wanangu tunalala chini ya miguu yako, na wewe unabandika vioo vya uongo?" Kinyozi aliifinyanga karatasi yake. "Mtu mzima! Na watu wanakuita Timazi! Bora wangekuita Rangi, maana kazi yako ni kufunika tu."

Watu walicheka, kile kicheko cha woga. Timazi alisimama wima akakipokea chote. Alikuwa amejenga nyumba za wengi wa wale waliocheka.

Mpimaji hakucheka wala hakufoka. Alivishika vile vipande, akavikutanisha, akaviachanisha. "Huu ufa," aliuliza polepole, "hii ilikuwa mara ya kwanza?"

"Hapana. Nimeuziba mara nyingi."

"Nyingi ngapi? Lini na lini?"

"Hizo siwezi kukumbuka." Timazi alijikuna shingo. "Lakini nimeziandika."

"Daftari liko wapi?"

"Si daftari. Ziko ukutani."

Walikwangua rangi mchana kutwa. Timazi alilowanisha ukuta kwa kitambaa, akapitisha ukingo wa mwiko taratibu asiumize plasta, na kazi aliyoificha kwa miaka ikaanza kujitokeza, kiraka juu ya kiraka, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kichwa. Kila kiraka kilikuwa na tarehe yake, kwa mwandiko uleule wa msumari. Mama yake aliketi kwenye kigoda mlangoni akitazama. Mkewe alishika taa pale palipokuwa na giza. Mpimaji alisoma, akapima, akaandika.

Tarehe ya kwanza kabisa ilikuwa imekatwa katikati: siku upande huu wa ufa, mwezi upande ule, na kati yake saruji ya miaka iliyofuata, upana wa vidole viwili.

"Ya kwanza hadi ya pili, miaka miwili na ushee," mpimaji alisoma kwa sauti. "Ya pili hadi ya tatu, mwaka mmoja. Kisha miezi saba. Miezi mitatu. Wiki tano. Siku ishirini na moja." Alifika kwenye tarehe iliyopakwa vumbi, akaifuta kwa kidole, akaitambua. "Na hii ni ya Alhamisi. Siku kumi tangu niweke kioo changu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata mtu asiyejua kusoma ramani angesikia miguu ya kitu kinachoanza kutembea, kisha kinakaza mwendo.

"Fundi," mpimaji alisema, "mimi nina miezi mitatu tu kwenye mlima huu. Wewe umenipimia miaka minne. Vigingi vyangu visingeweza kuniambia haya." Alikuwa ameshachora mstari kwenye daftari, kutoka nyumba hii kushuka hadi mtoni. "Ukuta wako haukujengwa vibaya. Ulikuwa wima. Kilichosogea ni mlima chini yake. Ni nyekundu, na si nyumba hii peke yake. Nyumba kumi na mbili. Mpaka Ijumaa kusibaki mtu."

Timazi aliketi chini palepale, kwenye vumbi la rangi yake. Miaka minne alikuwa akiona aibu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na kwa aibu hiyo nusura afanye kosa ambalo lingekuwa lake kweli.

"Mimi nilijua," mama yake akasema.

Wote wakageuka. Mama alinyanyua shuka kwa ncha ya fimbo yake. Chini ya mguu mmoja wa kitanda kulikuwa na vijiwe vitatu vimepangwa vizuri. "Kitanda kilikuwa kinashuka upande mmoja. Hiki nilikiweka mwaka juzi, hiki mwaka jana, na hiki mwezi huu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje, mwanangu? Nilikuona unavyoziba kwa bidii. Nikasema nikimwambia nitamvunja moyo."

Mke wa Timazi ndiye aliyeanza kucheka, na mpimaji akashindwa kujizuia, na mwishowe hata mama mwenyewe, fimbo bado imenyanyua shuka.

Siku nne zile za kuhama hazikuwa na kicheko kingi. Timazi aling'oa milango yake, madirisha, mabati, akavishusha bondeni kwa mkokoteni wa kukodi. Njiani watu walimpisha bila salamu. Wengine walisema kwa sauti ya kusikika kwamba Timazi kaharibu nyumba yake, sasa kaamua kuwaharibia wenzake. Kwenye ghala walipewa nafasi ya magodoro matatu, ukuta wao pazia la magunia ambalo mkewe aliliunga kwa mkono, na bomba moja la maji kwa familia zote. Mama alipanga foleni ya choo na binti za watu waliomwangalia kwa jicho baya kwa ajili ya mwanawe. Hakulalamika. Alisema tu kwamba godoro limekaa sawa, na kwamba ni siku nyingi hajalala bila kubingirika.

Ijumaa alasiri nyumba kumi na moja zilikuwa tupu. Ya kumi na mbili ilikuwa ya kinyozi. Familia yake ilikuwa imeshuka, lakini yeye aliketi ndani, kwenye kile kiti chake kikubwa cha kunyolea, mikono kwenye vishikio.

"Sihami," alimwambia Timazi aliyesimama mlangoni. "Kiti hiki hakipiti kwenye mkokoteni, na bila kiti mimi si kinyozi. Nenda kabandike vioo."

Timazi aliingia, akapiga magoti, akafungua skrubu nne zilizoshika kiti sakafuni, ambazo alizikaza mwenyewe siku ya kufungua duka. Kisha akageuza mgongo, akainama, akangoja. Kinyozi aliondoka kitini akitukana chinichini, akamtwisha. Timazi alishuka nacho mteremko mzima, chuma kikimkata mabega, akipumzika mara tatu, na kinyozi nyuma yake, amebeba kioo kikubwa cha duka kifuani.

Mvua ilianza Jumapili. Jumanne ilikatika kidogo asubuhi, na kwenye saa nne watu walikuwa wamejazana kwenye mlango wa ghala wakinyoosha miguu. Mlio ulipokuja haukuwa kama radi. Ulikuwa kama malori mengi yanamwaga kokoto kwa mara moja. Miti ya juu ilianza kushuka ikiwa bado imesimama. Chini yake mteremko ulifunguka, na nyumba zikaanza kwenda.

Nyumba ya Timazi ilitangulia. Ilishuka hatua ishirini ikiwa nzima, kuta wima, kabla udongo haujaifunika.

"Umeona?" Timazi alisema. "Haikubomoka. Imekwenda nzima."

"Hata sasa unajisifu, mume wangu?" mkewe aliuliza. Alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

Ilichukua muda wa kufulia shati, si zaidi. Kisha palikuwa na jeraha jekundu kutoka kileleni hadi mtoni. Mwenyekiti wa mtaa alitoa orodha mfukoni, akaanza kuita majina kwa sauti ya kupasuka. Kila jina liliitikiwa. Alipofika mwisho hakuamini, akarudia tangu mwanzo. Kinyozi alikuwa akigusa vichwa vya wanawe kwa kidole, kimoja kimoja, na akimaliza anaanza upya.

"Sitini na watatu," mwenyekiti alisema. "Wote. Wote wapo!"

Hapo ndipo vilio vilipoanza, na kukumbatiana, na watu wasiosalimiana wiki nzima wakashikana mikono. Timazi alilia bila kujificha. Alikuwa amepoteza nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na hakuwahi kushukuru hivyo maishani mwake.

Jioni ile kinyozi alikuja hadi kwenye pazia lao.

"Njoo," alisema.

Kiti kilikuwa kimewekwa kwenye pembe ya ghala, kikitazama kioo kilichoegemezwa ukutani. Timazi aliketi. Kinyozi alimfunga shuka, akampaka povu, akaunoa wembe polepole kuliko kawaida, akauweka shingoni mwake.

"Ningekuwa na wembe huu siku ile ya ofisini," alisema, "leo ungekuwa marehemu."

"Ningekuwa nimestahili."

"Tulia, usitikise koo." Alinyoa shavu la kulia, akanyoa la kushoto. Alipomaliza, hakuondoa shuka. Aliweka mikono miwili kwenye mabega ya Timazi, pale chuma cha kiti kilipoacha alama, na akamtazama ndani ya kioo. "Nina watoto wanne," alisema. "Wote wanne wako pale wanapigania uji. Asante, jirani."

Kinyozi akamfuta uso kwa taulo kabla Timazi hajapata kujibu.

Wiki iliyofuata mpimaji alikuja na ramani mpya. Kulikuwa na milima mingine miwili ya kupima, na alihitaji mtu anayejua kusoma kuta; kazi ipo kuanzia Jumatatu, fundi aje na mwiko wake. Kabla ya kuondoka alitoa leso mfukoni, akamkabidhi mke wa Timazi. "Vipande vya kioo changu, kaeni navyo. Mimi sivihitaji tena, vimeshasema."

Mama aliyaona yaliyofuata akiwa godoroni. Mkwewe alichukua fremu ya harusi, akavipanga vile vipande viwili juu ya picha, akavibana kwa uzi kwenye pembe. Vilifunika nyuso tu. Mpasuko ulipita kati ya bwana na bibi harusi.

"Nitakukatia kioo kipya," Timazi alisema. "Kizima."

"Kizima kilinifanya nimshukuru mtu kwa uongo. Hiki kilivunjika kikatuokoa." Aliitundika fremu kwenye msumari wa nguzo, akarudi nyuma kuitazama kama imekaa sawa. "Niandikie tarehe, mume wangu."

Timazi akatoa msumari kwenye mfuko wake wa vifaa. Akaandika tarehe ya Jumanne ile kwenye mbao za fremu, upande wa mbele, na safari hii hakupaka kitu juu yake.